Miaka 60 Bila Kipande: Vile Wapemba wa Kilifi Walisukuma Gava Mpaka Ikasikia

Cheki mfuko wako. Kama umetimiza 18 na uko Kenya, kuna kadi hapo ndani huwa unaisahau kabisa mpaka siku karao anakusimamisha usiku, ama mlinzi wa jengo tao anakwambia uiache pale langoni. Ni kipande. Wengi wetu tunakichukulia poa. Kikipotea tunalia juu ya foleni na doo za kukirudisha, basi.

Sasa jiulize, je, hukuwahi kupewa? Si kwamba kimepotea. Hujawahi kuwa nacho, mamako hakuwahi kuwa nacho, na babu yako alikufa na kuzikwa hapa hapa Pwani bila hata karatasi moja yenye inasema huyu ni mtu wa Kenya.

Hiyo ndiyo ilikuwa stori ya Wapemba mpaka Julai 28, 2023. Siku hiyo ya Ijumaa Rais William Ruto alikuja Kilifi kuwapokea rasmi kama raia, na wazee walioshika jembe la nahodha miaka nenda miaka rudi wakashika kitambulisho mara ya kwanza. UNHCR ilisema hatua hiyo inagusa watu takriban 7,000. Picha zilisambaa, watu wakashangilia, halafu kama kawaida yetu tukasonga kwa stori nyingine.

Lakini hii stori haikuisha siku ile. Ukiitazama vizuri utaona kitu chenye vijana wa Malindi, Watamu, Mtwapa na hata Kanairo wanafaa kukijua: ile haikuwa zawadi. Watu walijipanga. Na bado kuna kazi haijamalizwa.

Hawa ni wasee gani?

Kama umekulia Pwani, unawajua. Ndio wale mafundi wa bahari. Kisiwa chao cha asili ni Pemba, pale Zanzibar, kule kwa karafuu. Ukipanda ramani kidogo utaona Pemba iko karibu sana na Vanga na Shimoni. Kwa mvuvi mwenye anajua upepo, hiyo si safari ya kwenda ng'ambo. Ni dago tu. Unaenda na msimu, unapiga kambi ufuoni, unavua, unauza, unarudi. Wengine hawakurudi. Walioa, walizaa, wakajenga. Ndio maana leo utawapata Kwale, Mombasa, Lamu, na hapa Kilifi kuanzia Mtwapa na Takaungu hadi Kichwa cha Kati, Mayungu, Malindi na Ngomeni.

Wengi walifika kati ya miaka ya 1930 na 1960. Wengine walikimbia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Na kuna wimbi lingine la baadaye kabisa: Januari 2001, vurugu za kisiasa zilipolipuka Zanzibar, watu zaidi ya 2,000 walivuka na kutua Shimoni. Wengi wa hao walirudi baadaye. Shikilia hiyo tofauti, tutaihitaji mbele.

Sasa hapa kuna kitu shuleni huwa wanatupitishia mbio. Wale wa kwanza walipofika Malindi, hawakuwa wamevuka mpaka wa nchi kwa maana tunayoijua leo. Ukanda wote wa Mwambao, ile maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliuendesha tu kwa mkataba wa 1895. Bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea huku Pwani. Ni mpaka Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru, ndipo Zanzibar ilikubali Mwambao uwe wa Kenya moja kwa moja.

Kwa hivyo chukua mvuvi ametoka Pemba 1950 akaja Malindi. Ametoka kwa Sultani akaenda kwa Sultani. Amelala akiwa chini ya bendera moja, ameamka Desemba 12, 1963, na mpaka umempita kichwani. Hakuvuka mpaka. Mpaka ndio ulimvuka.

Mbona hawakupewa tu?

Kuzaliwa hapa hakukufanyi Mkenya. Watu wengi hawajui hii. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama siku umezaliwa, mamako au babako alikuwa raia. Ardhi uliyozaliwa juu yake haihesabiki, isipokuwa kwa mtoto mdogo ameokotwa na wazazi hawajulikani. Hata sheria ya uhuru ya 1963 ilitaka uwe umezaliwa hapa na mzazi wako mmoja pia awe amezaliwa hapa ndipo uwe raia bila kuomba. Wale wengine walipewa muda mfupi wa kujiandikisha. Sasa mwambie mvuvi yuko dago Ngomeni 1964, hana redio na hajui Kiingereza, kwamba kuna fomu anafaa kujaza kabla ya muda kuisha.

Muda ukaisha. Akabaki hana karatasi. Mtoto wake akazaliwa na mzazi asiye raia, naye hana. Mjukuu vilevile. Yaani kukosa kipande kukawa urithi, kama shamba.

Wajuaji huwa wanasema, "si warudi Tanzania basi." Fiti, tuangalie. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamruhusu mtu aliyezaliwa nje kurithi uraia kama mzazi wake ni raia, lakini huyo mzazi asiwe naye aliupata kwa kurithi akiwa nje. Kwa lugha ya mtaa: mtoto wa kwanza kuzaliwa Kilifi anaweza kupita, mjukuu mlango umefungwa. Kwa hivyo msee wa miaka 22 pale Mayungu, ambaye babake na mamake wote wamezaliwa huku, Kenya inamwambia wewe ni Mtanzania na Tanzania inamwambia sisi hatukujui. Anaongea Kiswahili safi kuliko wote wawili, na hana nchi.

Maisha bila kipande

Tuseme wewe ndiye huyo msee. Unaamka saa tisa usiku, bahari imetulia, ni kaskazi na samaki wako. Lakini leseni ya uvuvi inataka kitambulisho. Kujiunga na kamati ya ufuo, ile BMU, kunataka kitambulisho. Kwa hivyo unafanya nini? Unaingia baharini kama mwizi, huku wewe ndiye unajua miamba yote kwa jina. Ukishikwa, unatoa kitu kidogo ama unalala ndani.

Tuseme bahati imekuangukia, umerudi na nguru na kolekole wa maana. Bei unapangiwa na tajiri mwenye mashua na nyavu, kwa sababu yeye ana leseni na wewe huna. Huwezi kusajili mashua kwa jina lako. Ukijikaza ukanunua yako, unaiandikisha kwa jina la rafiki. Siku mkikosana, mashua ni yake. Kiwanja ni vilevile: unanunua kwa jina la jirani, unajenga, halafu jirani anakufa na watoto wake wanakuja na hati.

Pesa nayo? Laini ya simu inataka kipande, M-Pesa inataka kipande, benki na mkopo ndio usiseme. Kwa hivyo doo yako yote inapitia simu ya mtu mwingine. Mama karanga anayekaanga samaki pale ufuoni anauza kwa laini ya shemeji yake, na shemeji akiwa na shida zake wiki hiyo, pesa ya samaki inaenda na shida.

Mtoto anaenda shule, sawa, walimu wa huku ni watu. Anafika darasa la mtihani, anaulizwa cheti cha kuzaliwa. Cheti kinaulizia kipande cha mzazi. Mzazi hana. Hapo ndoto nyingi zilikatika. Anafika 18 na wenzake wote wanaenda kwa chifu kwa mbwembwe, yeye anabaki ufuoni.

Ndiyo maana wengine walijificha. Wapo waliojiandikisha kama Wadigo ama Wabajuni, wakabadilisha majina, wakaazima ukoo wa jirani. Usiwahukumu haraka. Hebu fikiria vile inauma kumkana nyanya yako kwa fomu ya serikali ndiyo mtoto wako afanye mtihani.

Kuna kejeli moja hapa. Hili neno "kipande" tunalitumia tu vile tumelizoea, lakini lilianza na mkoloni. Sheria ilipitishwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza wanaume Waafrika wakalazimishwa kutembea na ile karatasi ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Babu zetu walikichukia kwa sababu kiliwafunga. Miaka 100 baadaye, kukikosa ndiko kunakufunga.

Wamakonde walifungua njia

Huwezi kuongea stori ya Wapemba bila kuwataja Wamakonde wa Kwale. Hao walitoka Msumbiji. Wengi waliletwa enzi za mkoloni kufanya kazi kwa mashamba ya makonge na miwa, wengine wakakimbia vita kwao. Walikaa Kwale miaka mingi bila vitambulisho, na kila mwanasiasa alipopita aliahidi na kupotea.

Oktoba 2016 wakachoka. Mamia yao na watetezi wa haki wakaanza safari kutoka Kwale hadi Nairobi, kwenda kumuona Rais mwenyewe. Polisi walijaribu kuwazuia njiani. Hawakurudi nyuma. Wakafika Ikulu, na Uhuru Kenyatta akawaomba msamaha kwa kucheleweshwa na akatoa amri waandikishwe kabla mwaka uishe. Februari 2017 wakapokea vitambulisho, na tangu hapo wanaitwa kabila la 43.

Baadaye wakaja Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kuhubiri na kuchonga mbao. Siku ya Jamhuri, Desemba 12, 2020, Kenya ilitangaza kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda watapewa uraia.

Wapemba walikuwa wanatazama hayo yote. Na wakasoma.

Vile walijipanga

Hii sehemu isome pole pole, kwa sababu inafaa kwa vita vyovyote vya mtaa, iwe ni maji, ardhi ama barabara.

Kwanza, walitoka mafichoni. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Ukishazoea kuishi ukijiita Mdigo, kusimama barazani na kusema "mimi ni Mpemba na sina kipande" ni kama kujishtaki mwenyewe. Kesho karao anaweza kukuja. Lakini bila hiyo hatua, gava inaweza kusema hawa watu hawapo.

Pili, walijihesabu. Serikali haiwezi kupanga kitu haina idadi yake. Wazee wa jamii walijua nani yuko ufuo gani, nani alifika na nani, nani amezaliwa wapi. Hiyo kumbukumbu ya wazee ikawekwa kwa karatasi. Kwa mtu hana cheti chochote, ushahidi ni kaburi la babu, rejista ya madrasa, jirani Mgiriama anayesema "huyu tumekua naye."

Tatu, walitafuta wenzao. Haki Centre ya huku Pwani ilisimama nao. Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, ile KHRC ambayo haimilikiwi na serikali na ilikuwa pia na Wamakonde, ikaingia. UNHCR ikaleta uzito wa dunia, na ilikuwa rahisi kidogo kwa sababu Oktoba 2019 kule Geneva, Kenya ilisimama mbele ya mataifa na kuahidi kupunguza watu wasio na nchi. Ukiahidi hadharani, watu wako watakukumbusha.

Nne, walienda kila mlango. Walikwenda kwa machifu, kwa wabunge, wakapeleka ombi rasmi Bungeni, na wakaongea na vyombo vya habari mpaka neno "Wapemba" likazoeleka masikioni. Hawakusubiri mtu mmoja mkubwa awaokoe. Walipobadilishwa maafisa, walianza upya na wapya. Serikali ilipobadilika 2022, faili lilikuwa tayari mezani. Januari 2023 tangazo la Rais likatoka la kuwatambua kama moja ya jamii za Kenya. Julai ikaja sherehe ya Kilifi.

Unaona? Wamakonde walitembea kwa miguu. Wapemba walitembea kwa karatasi. Zote ni kutembea.

Sasa noma iko wapi?

Noma ni hii: kila jamii inapata uraia kwa mkono wa Rais, wakati ilifaa ipate kwa mkono wa sheria.

Kwa sababu sheria ilikuwepo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilisema mtu asiye na nchi ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963 anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia, na watoto wao pia. Safi kabisa kwenye karatasi. Lakini waliweka saa ukutani: miaka mitano, ikaongezwa mitatu. Agosti 2019 dirisha likafungwa. Hiyo miaka minane yote, wengi waliostahili hawakuwa wamesikia kwamba dirisha lipo, na waliosikia walikuta ofisi hazina hata fomu tayari.

Kwa hivyo sai njia iliyobaki ni tangazo. Tangazo la Wamakonde, la Washona, la Wapemba. Hata Februari 2025, Rais alipoenda Wajir kufuta ule ukaguzi wa ziada ambao vijana wa Kaskazini walipitia kila wakitafuta kipande, alifanya kwa tangazo. Tangazo ni tamu siku linatoka. Lakini tangazo linamfuata aliyelitoa. Linategemea Rais ana roho gani, uchaguzi uko karibu kiasi gani, na jamii yako ina sauti kiasi gani. Ambaye jamii yake ni familia 40 na hawana mtu wa kuwasemea, atangojea nini?

Ni kwa nini haki ya mtoto wa Mayungu itegemee sherehe?

Na sherehe haimalizi kazi. Kuna walioandikishwa na kuna waliokuwa baharini siku ya kuandikishwa. Kuna wale wa zamani waliojiita Wadigo, ambao wakijaribu kurekebisha jina sasa wanaogopa kuambiwa walidanganya. Kuna watoto waliozaliwa nyumbani bila cheti, na wazazi wao ndio kwanza wamepata kipande. Na kuna wale wa 2001 na waliokuja baadaye, ambao hawaingii kwa stori ya 1963 hata kidogo. Hao wanahitaji jibu lao, la ukimbizi ama ukaazi halali, lenye limeandikwa, si kukisia kwa kila afisa.

"Lakini si wanatumalizia samaki?"

Tusijifanye hatusikii. Mtaani hii swali iko. Kilifi ina Wamijikenda wengi ambao wamekaa juu ya ardhi ya mababu zao na bado wanaitwa maskwota. Mtu hana hati ya shamba lake mwenyewe, halafu anasikia serikali inasherehekea "wageni." Baharini pia kuna ugomvi wa kweli kati ya wenyeji na wavuvi wa dago, hasa juu ya nyavu kubwa zenye zinazoa kila kitu. Na kila uchaguzi ukikaribia kuna mwenye atasema hizi ni kura zinatengenezwa.

Hasira ya ardhi ni ya haki. Lakini mwenye alichukua ardhi ya Mgiriama si mvuvi wa Kipemba. Huyo hana hata uwezo wa kuandikisha plot ya futi 50. Wawili hao wanateswa na ugonjwa mmoja: serikali inayokaa miaka 60 bila kuandika watu wake na mali yao, kisha inawaletea karatasi kidogo kidogo, kama misaada, wakati wa kampeni.

Na baharini? Mvuvi mwenye leseni unaweza kumsimamia. Unajua jina, mashua na nyavu zake. Akitumia wavu haramu, unamnyang'anya leseni. Mvuvi asiye na kipande anavua usiku, anakimbia doria na hana cha kupoteza. Kama unataka bahari ilindwe, ungependa awe ndani ya BMU ama nje?

Usalama vilevile. Watu wanasema ukifungua mlango wa vitambulisho, magaidi wataingia. Lakini magaidi wenye pesa hununua kipande kwa mlango wa nyuma. Anayebaki nje ni yule mzee hana soo ya kuhonga. Mfumo wenye masharti wazi, mashahidi na rufaa unafunga mlango wa nyuma kuliko mfumo wa kujuana.

Kura? Ndiyo, raia hupiga kura. Ndiyo maana ya uraia. Ukiwa na wasiwasi na jinsi mwanasiasa anazitumia, dai sheria isiyomtegemea mwanasiasa.

Basi kazi yetu ni gani?

Kuna jambo kubwa moja na madogo manne.

Kubwa ni sheria. Dirisha la 2011 lifunguliwe tena, na safari hii bila saa ukutani, maana mtu asiye na nchi huwa hakosi nchi kwa tarehe. Ushahidi wa wazee na majirani ukubaliwe rasmi. Ofisa akikataa, aandike sababu, ndio uende kortini. Na korti zimeonyesha zinaweza kusikia: Januari 30, 2020, kesi ya Huduma Namba iliyopelekwa na Nubian Rights Forum na wenzao ilifanya Mahakama Kuu iseme serikali haiwezi kuendelea na mfumo huo bila kanuni za kulinda watu na data yao. Wanubi walijua hiyo vita. Tangu 2011 walikuwa wameshinda kesi ya watoto wao mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto. Bill ya kubadilisha sheria ya uraia inahitaji mbunge wa kuibeba. Wabunge wa Kilifi wana simu na wana ofisi. Waulizwe kwa majina yao, mmoja mmoja, mko wapi.

Sasa yale madogo, yenye mtu wa 20 na bando ya soo anaweza kufanya.

Moja: anza nyumbani kwa vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa kwa mkunga mwaka huu, aandikishwe mwaka huu. Uandikishaji wa kuchelewa ndio unazaa ukaguzi wa kuchelewa. Kama mtaani kwenu kuna mzazi hajui aende wapi, mpeleke kwa chifu mkiwa wawili. Ukiwa na shahidi, majibu hubadilika.

Mbili: jua bei. Machi 2025 gava ilitangaza kipande cha kwanza kiwe bure, kwa hivyo uliza ada rasmi ya sai ni ngapi kabla ulipe. Mtu akikuitisha zaidi ya ada rasmi, hiyo si ada ya serikali, hiyo ni mfuko wake. Sambaza hiyo habari kwa kikundi cha familia badala ya zile jumbe za "tuma kwa watu kumi."

Tatu: hesabuni. Vijana watatu, daftari moja, wikendi mbili. Nani kwa kijiji hana kipande, ana miaka mingapi, amekataliwa wapi na kwa maneno gani. Msiweke hiyo orodha mtandaoni, ni siri za watu. Pelekeni kwa watetezi wa sheria wanaoaminika. Orodha ya majina 30 mbele ya afisa ni nzito kuliko hashitagi elfu.

Nne: kaeni na wazee wenu, sai. Mzee anayejua nani alitua Takaungu mwaka gani na kwa mashua ya nani ni rejista inayotembea. Akienda, ushahidi wa watu 50 unaenda naye. Mrekodi kwa simu, umwombe ruhusa, uhifadhi.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Wanasiasa watakuja Karisa Maitha, Mayungu na Ngomeni na ahadi na tisheti. Wapemba walitufundisha kwamba huo ndio wakati wa kuwa na faili tayari, si wakati wa kuanza kulia. Mwenye ana orodha, ana mashahidi na ana rasimu ya sheria mkononi anaongea tofauti na mwenye ana njaa pekee.

Na kama wewe una kipande chako mfukoni na unafikiri hii si stori yako, kumbuka yule mvuvi wa 1963. Alilala yuko kwao. Hakukosea kitu chochote. Kilichomfanya mgeni ni mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwahi kumuuliza, na fomu ambayo hakuna mtu alimletea. Imechukua miaka 60 na vizazi vitatu kurekebisha hiyo fomu moja.

Kuna mtoto anazaliwa leo usiku mahali fulani kati ya Mtwapa na Ngomeni. Tukifanya hii kazi, 2043 au 2044 ataenda kwa chifu, achukuliwe alama za vidole, aboeke na foleni kama wewe, na akisahau kipande nyumbani aone ni kitu kidogo.